Raifo ya Baba Watoto

Kiinua mgongo cha mwalimu kikishaingia benki, ukoo mzima unajua kitakavyotumika. Shangazi wa watoto aliyeko Biharamulo alijua: bodaboda mbili za kuweka pale Lusahunga, ziwe zinaleta hesabu kila jioni. Kifungua mimba wetu, yuko Mwanza, alijua: kiwanja. Mama mkwe alijua: bati jipya na ng'ombe wa maziwa. Mimi nilijua kuliko wote, maana nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari langu la kikoba, kwa kalamu nyekundu. Baba watoto akatusikiliza kwa adabu ya mtu aliyefundisha hisabati na jiografia mpaka kustaafu, akamaliza chai yake, akafuta midomo, akasema yeye anataka raifo.

"Ya kuwinda?" mama mkwe akauliza.

"Hapana, mama. Ya shabaha. Shabaha ya mbali."

"Mbali wapi?"

Akanyoosha kidole dirishani, ng'ambo ya bonde, kwenye kilima ambako Mama Mchungaji huanika maharage. "Pale."

Asiyeijua Ngara hatamwelewa mtu huyu. Kwetu ni vilima tupu, na kila kilima kina migomba yake na watu wake. Ukisimama uani unamwona jirani wa kilima cha pili anapepeta, ukimwita anaitika, lakini akikuomba chumvi utashuka mpaka kijitoni, uvuke, upande tena, ufike jasho linakutiririka na jua limeshahama. Sisi wengine tunaona adha. Baba watoto anaona renji. Ugonjwa huu aliupata mwaka 1984 alipokwenda JKT kwa mujibu wa sheria. Walipewa SMG na risasi za kuhesabu, wakalala kifudifudi, na za kwake zikaingia zote kwenye karatasi, zimekaribiana, mpaka afande akaja kuitazama karatasi mwenyewe. Hadithi hiyo imesimuliwa katika kila harusi ya ukoo, na kila mwaka karatasi inazidi kusogea mbali.

Kazi ya kwanza ikawa kupima umbali. Alinyoosha mkono, akasimamisha dole gumba, akafumba jicho la kushoto, kisha akalifumbua na kufumba la kulia. Dole likaonekana kuruka kutoka pembe ya nyumba ya Mama Mchungaji hadi mgravilea ulioko mpakani mwa shamba. Hapo, akatueleza, unakadiria nyumba na mti vimeachana mita ngapi, halafu unazidisha kwa 10, kwa kuwa urefu wa mkono wa mtu ni kama mara 10 ya nafasi iliyo kati ya macho yake. Akakadiria mita 60. Basi shabaha iko mita 600. Kitinda mimba wetu wa kidato cha pili akafungua ramani kwenye simu, akagusa huku, akagusa kule.

"Baba, ni 800."

"Simu haijui milima," mwalimu akajibu, na mjadala ukafungwa.

Ulikuja kufunguliwa na kaka yangu. Kaka alikuwa askari wa wanyamapori katika Pori la Akiba la Biharamulo, lile ambalo mwaka 2019 liliunganishwa na Burigi na Kimisi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Amebeba bunduki kwa mshahara miaka mingi, na hana hamu nazo hata kidogo. Nilimpigia simu aje amtoe shemeji yake wazimu. Akaja na basi la Jumapili, akala, akashukuru, akachukua kaa la mkaa jikoni kwangu na kuanza kuchora kwenye ukuta niliopaka chokaa kwa ajili ya Pasaka.

"Shemeji," akasema, "mtu hachagui raifo. Anachagua risasi. Kaliba ndiyo inayokuambia utalenga mbali kiasi gani, bega litaumia kiasi gani, na utakuwa maskini kiasi gani."

Akaandika ya kwanza: .22. Hiyo unene wake ni milimita 5.6, risasi yake inatoshea kwenye kucha, haina teke, na ndiyo inayotumika Olimpiki kwa shabaha ya mita 50. Ni ya bei nafuu kuliko zote. Ila ni ya polepole: ukiwa umeirekebisha ipige sawasawa kwenye mita 50, ikifika mita 200 imeshuka zaidi ya mita nzima. Baba watoto akaitazama ile namba kwa dharau, akauliza kama hakuna za watu wazima.

Kaka akaandika .375. Hii ilibuniwa Uingereza mwaka 1912, na ndiyo kaliba ya chini inayokubaliwa kwa mnyama kama nyati au tembo. Macho ya mume wangu yakang'aa. "Risasi zake bei yake inatoa machozi," kaka akaendelea, "na teke lake litakufanya ufumbe macho kabla hujafyatua. Mtu anayeliogopa bega lake halengi, anabahatisha." Akaikata kwa mstari. Akaandika .303, ya akina babu waliopigana katika jeshi la KAR, bunduki madhubuti ya tangu karne iliyopita. Utaipata kwa bei poa, lakini mitutu mingi imelika ndani, ile mifereji inayoizungusha risasi imebaki hadithi, na risasi zake zinazidi kuadimika. Akaikata nayo. Akaandika .308, ya mwaka 1952, ndugu wa ile 7.62 ndefu ya majeshi ya NATO. Hapo akatulia. Teke lake linavumilika, inajulikana karibu dunia nzima, na mtutu wake unachukua maelfu ya risasi kabla ya kuchoka.

"Lakini sikiliza. Ukiirekebisha kwa mita 100, kwenye mita 500 imeshuka karibu na kimo cha mtu. Upepo wa kawaida tu wa pembeni unaisukuma zaidi ya nusu mita. Na wewe ukikadiria 600 kumbe ni 800, risasi yako itachimba ardhi mita 2 chini ya shabaha."

Kitinda mimba akakohoa. Baba yake akamwambia akachote maji.

Muda wote huo kifungua mimba alikuwa hewani kwa spika ya simu kutoka Mwanza, ameshahama kwenye kiwanja na kuhamia kwenye bunduki, wanaume ndivyo walivyo. "Baba, achana na hizo! Chukua 6.5 Creedmoor. Wamarekani waliitoa mwaka 2007 kwa kazi hiyo hiyo ya shabaha ya mbali. Risasi yake ni nyembamba na ndefu, inapasua upepo, na teke lake ni dogo kuliko la .308."

"Anasema kweli," kaka akakubali. "Haya, mjomba wangu, nitazipata stendi ya Nyakanazi au niulizie Runzewe?"

Simu ikakata. Mtandao, nadhani.

Kaka akafuta mikono kwenye suruali. "Raifo ni ng'ombe wa kisasa, shemeji. Bei ya kumnunua si kitu, pumba ndizo zitakazokufilisi. Kaliba nzuri kwa mtu wa mfuko wako ni ile utakayoweza kuilisha."

Hapo ndipo nilipofungua daftari, kwa sababu sasa mtu alikuwa anazungumza lugha yangu. Nikachora mistari. Raifo. Darubini ya kulengea, ambayo kaka alisema inaweza kugharimu sawa na raifo yenyewe, na ukiweka ya ovyo juu ya bunduki nzuri umenunua fimbo. Kasha la chuma la kufungia silaha, lililokazwa ukutani. Mafunzo na cheti cha umahiri. Leseni. Nauli za kwenda na kurudi Bukoba kila wanapokwambia karatasi moja imepungua. Na risasi za mazoezi, ambazo kaka alikataa kunitajia idadi. Alisema tu niache ukurasa mzima. Nikajumlisha nilivyoweza. Raifo peke yake haikufika nusu ya gharama.

Baba watoto naye akapiga hesabu yake, maana ukimpa mwalimu wa hisabati pembe, usingizi umekwisha. Kosa dogo la mkono, akasema, linalokupeleka sentimita 3 pembeni kwenye mita 100, litakupeleka 15 kwenye mita 500 na 24 kwenye mita 800. Kosa halikui kwa kuwa bunduki ni mbaya. Linakua kwa kuwa umbali unalizidisha. Kwa hiyo mwenye bunduki ya kawaida na risasi nyingi za kujifunzia atamshinda mwenye bunduki ya kifahari na boksi moja. Aliyasema haya kwa furaha, asijue kwamba anaitetea hoja yangu.

"Na utapigia wapi?" kaka akauliza.

"Si pale."

"Pale kuna nyumba. Nyuma ya nyumba kuna njia ya watoto wa shule. Risasi ya .308 ikikosa inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3, na sisi tuko hapa, Ruvubu iko pale, ng'ambo ya Ruvubu ni Burundi. Ukimkosa Mama Mchungaji, shemeji, umeanzisha vita."

Kisha akamweleza sheria. Ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mzaha: umri usiopungua miaka 25, sababu inayoeleweka, maombi yanayoanzia kijijini na kupita kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya kabla ya kupanda juu zaidi, polisi wanaokuja kuuliza majirani kama unagombana na mkeo. Mume wangu akanigeukia na kutabasamu. Hajawahi kunitabasamia hivyo tangu posa.

Kaka, katika kumfariji, akaongeza maneno ambayo laiti angeyameza. Alisema wapiga shabaha wazuri hufanya sehemu kubwa ya mazoezi bila risasi hata moja. Wanalala, wanapumua, wanatoa nusu ya pumzi, wanavuta kifyatulio taratibu, basi. Pumzi na kidole vikitulia, risasi itakuja kukuta kazi imeshafanyika. Baba watoto katika sentensi nzima alisikia maneno mawili: bila risasi. Jumatatu alikuwa kwa seremala.

Sitasema seremala hakujitahidi. Kitako alikichonga kwa mgravilea mkavu, akakipiga msasa, akakipaka rangi ya viatu mpaka kikawaka. Mtutu ulikuwa bomba la maji la nusu inchi lililobaki tulipovuta maji. Kwa darubini walifunga kwa mpira wa baiskeli nusu ya darubini ya kuchezea ya watoto. Kifyatulio kilikuwa msumari uliopindwa, na kilirudi mahali pake kwa lastiki ya suruali ya kitinda mimba, ambaye wiki ile alikwenda shule ameishika suruali mkononi. Shabaha nayo ikawa mfuniko wa sufuria yangu kubwa, ile ya shughuli, ukapakwa chokaa na kuwekwa duara jeusi katikati. Mama Mchungaji aliambiwa ni kifaa cha jiografia, akaruhusu kitundikwe kwenye uzio wake. Mimi niliambiwa mfuniko umeazimwa msibani.

Kila alfajiri akawa analala kwenye mkeka pembeni ya migomba, kofia ya sufu kichwani, gunia la mchanga chini ya bomba. Juu ya mtutu kitinda mimba anaweka sarafu ya shilingi 200. Mwalimu anavuta pumzi, anatoa nusu, anabana, anakaza kidole kidogo kidogo. Lastiki inalia. Sarafu ikianguka, amekosa, ikibaki, amepata. Mwanzoni sarafu ilikuwa haikai hata kabla ya kugusa kifyatulio. Baadaye ikaanza kukaa, na lazima niseme ukweli, mtu alibadilika. Aliacha kugombana na redio. Alianza kutazama moshi. Akanionyesha asubuhi moja: moshi wa jikoni kwetu unalalia mashariki, majani ya migomba kule bondeni yanapeperuka kwenda magharibi, na kwa Mama Mchungaji nguo kwenye kamba hazitikisiki. Pepo tatu katika safari moja ya risasi. "Bunduki ya bei yoyote haikusomei hilo," akasema. Nimeishi kwenye bonde lile tangu niolewe, na nilikuwa sijaliona.

Sasa, ungekuwa mkoa mwingine, mzee anayelala chini na gongo lililopakwa kiwi angechekwa tu. Lakini hii ni Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja, na mapanga yaliyoachwa mpakani yalikuwa lundo. Kabla ya hapo, mwaka 1993, walikuja wa Burundi. Silaha zilizotawanyika katika miaka ile zilikaa porini muda mrefu kuliko wakimbizi wenyewe. Tulizoea kupanda basi la kwenda Biharamulo likisindikizwa na askari wenye bunduki, abiria wote kimya mpaka pori liishe. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, majambazi na magobore yakasakwa mkoa mzima. Huku mtu akiona umbo la bunduki migombani, hasubiri kuuliza kaliba.

Aliyemwona alikuwa kijana aliyekwenda kukata majani ya mbuzi. Akatupa mundu, akapiga nduru. Kilima chetu kikaitika, cha pili kikaitika, na kabla uji haujachemka njia zote zilikuwa zinapanda watu wenye mapanga, mikuki, na mmoja na pampu ya dawa ya kahawa. Mimi nilitoka na mwiko. Mama mkwe, ambaye siku za kawaida hasikii hata akiitwa kula, alisikia. Akamkamata mjukuu aliyekuwa karibu, akaingia naye kwenye ghala la mahindi, akafunga kwa ndani. Nilimsikia akirudia neno moja: "Wamerudi."

Mgambo wakazunguka migomba. Mwenyekiti wa kitongoji, mtu jasiri lakini mnene, akajificha nyuma ya mgomba usiomtosha, akapaza sauti: "Weka silaha chini!"

Mume wangu alikuwa ametoa nusu ya pumzi. Bila kugeuka, akajibu kwa sauti ile ya darasani: "Subirini kidogo. Sarafu itaanguka."

Sijui ni kitu gani kilimwokoa, sauti hiyo au kitinda mimba aliyeruka na kupiga kelele kwamba ni mti, ni mti, jamani ni mti. Nusu ya waliomzunguka walikuwa wamefundishwa na sauti ile. Mgambo mmoja akashusha rungu na kusema "Shikamoo mwalimu" kabla hajakumbuka amekuja kufanya nini.

Polisi walifika kwa pikipiki. Mmoja aliinua lile gongo, akalipima uzito, akachungulia kwenye bomba, akapuliza, buibui akatoka. Hakucheka. Alimwambia mwalimu, kwa heshima kubwa, kwamba usiku au kwa mbali hakuna anayetofautisha mti na chuma, wala askari mwenye risasi za kweli hatapata muda wa kutofautisha. Gongo likachukuliwa. Katika maelezo liliandikwa "kipande kimoja cha mti chenye umbo la bunduki". Wakati mwalimu anasaini, Mama Mchungaji akafika akihema, ameushika mfuniko wangu kwapani, duara jeusi likitazama kadamnasi nzima. "Mwalimu," akasema, "kumbe jiografia ndiyo hii?"

Usiku ule tulikaa kikao. Kaka alirudi kutoka Biharamulo, shangazi akaja naye, na kifungua mimba akawekwa kwenye spika akaambiwa asiseme neno. Nilikuwa nimejiandaa na daftari, lakini mama mkwe alitangulia. Hakupandisha sauti. Alisema mwaka 1994 alisimama barabarani na ndoo ya maji, anawanywesha watu waliokuwa wanapita, na mpaka maji yakaisha watu hawakuisha. Wengine wao, alisema, walikuwa bado wanatembea wameinama, wamezoea kukwepa. Halafu akamgeukia mwanawe. "Lenga, baba. Mimi sikukatazi kulenga. Lakini usilenge upande wa watu ambao wameshawahi kulengwa."

Baba watoto akainamisha kichwa, akasema, "Nimesikia, mama." Hakumjibu zaidi ya hapo, na mimi daftari langu nikalifunga.

Nilidhani mambo yameisha. Lakini mtendaji wa kijiji, alipomwita kumpa onyo, alimdokeza kwamba fomu ina mahali pa kuandika sababu, na mtu akiandika "michezo" ataulizwa chama chake kiko wapi. Kumwambia mwalimu mstaafu kwamba hana chama ni kumchokoza. Wiki haikuisha, kukawa na kikundi cha shabaha: mwalimu mwenyewe, mwenyekiti wa kitongoji aliyesema anataka kujifunza kujificha vizuri, mgambo wawili, na Mama Mchungaji, ambaye alidai kwamba kwa kuwa shabaha ilikuwa kwake, yeye ni mwanachama mwanzilishi. Kaka akakubali kuwa mlezi kwa sharti moja: hakuna kitakachofyatuliwa nje ya uwanja ulioruhusiwa na polisi, hata kama uwanja huo utapatikana mwisho wa mkoa. Katiba ikaandikwa, muhuri ukachongwa, na ukafika uchaguzi wa mweka hazina. Watu wote wakanitazama.

Bajeti niliisoma nimesimama. Kwanza mafunzo na vyeti, kwa kuwa bila hivyo hakuna leseni. Pili kasha la chuma. Tatu risasi, boksi kwa boksi, kila moja iandikwe ilikokwenda. Nne darubini, ya maana. Tano, kutoka kwenye kitakachobaki, raifo moja ya .22 iliyotumika, mtutu wake umekaguliwa na kaka, shabaha ya mita 50. Atakayeweka tano katika duara la shilingi 200 mbele ya mashahidi ndiye atakayeruhusiwa kutaja .308 kikaoni. Ng'ombe wa maziwa wa mama mkwe anatangulia vyote hivyo, na hayumo kwenye mjadala.

"Mita 50?" mume wangu akanong'ona. "Mama watoto, mita 50 ni kutoka hapa mpaka chooni."

Nikamwambia mweka hazina hapokei hoja nje ya utaratibu, aandike barua, aipitishe kwa katibu.